Huyu Brigita ni Nani?

Pale Chiungutwa ukitaja korosho za kukaanga, utaulizwa swali moja tu: za Mama Kasiani au za wengine? Mama Kasiani alikuwa mjane mwenye kicheko kinachomtangulia mwenyewe kufika, na mkono wake kwenye karai haukuwa na mpinzani. Korosho zake alizifunga kwenye vifuko vyeupe visivyo na neno lolote, bodaboda akazipeleka Masasi, dukani kwa Abdulkadiri karibu na stendi.

Siku moja Abdulkadiri akamrudishia mzigo wote.

"Mama Kasiani, usinifikirie vibaya," alisema kwenye simu. "Korosho zako hata mimi nazila. Lakini bidhaa isiyo na lebo siruhusiwi tena kuiweka dukani."

"Chema chajiuza, baba!"

"Chajiuza, lakini lazima kiseme kimetoka wapi."

Alikwenda halmashauri amenuna. Afisa biashara, Bwana Ambakisye, kijana mtu wa Mbeya, alimwamkia, akampa kiti, akamsikiliza mpaka akamaliza kufoka. Ndipo akamweleza kwamba wasindikaji wadogo walikuwa wanasaidiwa: mafunzo ni bure, gharama za kupima bidhaa zinalipwa na serikali, na mashine ya kufungia vifuko ipo, wanaitumia kwa zamu. Mama Kasiani akaacha kununa. Akajiunga, akajifunza kupima uzito na kuandika tarehe ya mwisho wa matumizi, na baada ya muda lebo zikatoka, safi kabisa: *Korosho za Kukaanga. Viungo: korosho, chumvi. Mtengenezaji: Brigita Nikolao, Chiungutwa, Masasi.*

Korosho zikapelekwa dukani. Zikakaa. Hazikununuliwa.

Akapanda gari kwenda kujionea. Alikuwa ameketi kwenye kreti nyuma ya mlango wa duka, muuguzi mmoja aitwaye Veridiana alipoingia.

"Za Mama Kasiani zimekuja?"

"Ndizo hizo," Abdulkadiri akamwonyesha.

Veridiana akageuza kifuko, akasoma, akakirudisha. "Hizi za Brigita. Huyu Brigita ni nani? Mimi simjui, nitasubiri za Mama Kasiani."

Pale kwenye kreti mama wa watu hakujua alie au acheke. Akacheka.

"Mwanangu, Brigita ni mimi."

Veridiana akageuka, mkono mdomoni. "Yalaa! Shikamoo, Mama Kasiani! Kumbe una jina?"

"Marahaba! Ninalo tangu nilipobatizwa Lukuledi!"

Duka zima likaangua kicheko. Veridiana akaondoka na vifuko vitatu, na Mama Kasiani akaondoka moja kwa moja kwenda halmashauri. Bwana Ambakisye aliposikia kisa hicho alivua miwani akafuta machozi.

"Mama, kanuni inataka jina la mtengenezaji. Jina la bidhaa ni lako kuchagua, mradi usimdanganye mnunuzi."

Lebo mpya zikachapwa. Juu, kwa herufi nene: KOROSHO ZA MAMA KASIANI. Chini yake, Brigita Nikolao na kijiji chake. Hazikukaa tena rafuni. Abiria wa mabasi wakazibeba kama zawadi, zikafika hata Iringa alikokuwa anafundisha Kasiani mwenyewe. Akapiga simu akiwa amejaa furaha.

"Mama, jina langu linauzwa huku!"

"Basi tulia na adabu zako, usije ukaniharibia biashara."

Msimu uliofuata akina mama wa Newala wakamwita akawafundishe. Walimpokea kwa vigelegele, wakamvisha kanga mpya juu ya ile aliyovaa, na kabla hajapumzika wakawasha moto. Akaanza kuwaeleza habari za lebo, akafika pale muuguzi aliposema hamjui Brigita, akina mama wakaanguka mikekani kwa kicheko, na yeye pamoja nao. Karai la kwanza likaungua lote. Wakazila hivyohivyo, vidole vyeusi, kisha wakamwaga korosho nyingine karaini.