Mshona Kola na Wastani Usioshikika

Kengele ya asubuhi inalia, na cherehani za kiwanda cha mashati zinaanza kunguruma kwa pamoja. Kwenye meza ya kola, mwanamke mmoja anakunja kitambaa, anakilaza chini ya sindano, anakanyaga pedali. Wenzake humwita Mama Kola. Hainui kichwa hata kumsalimu mgeni.

Leo anapimwa kasi, na roho iko juu juu.

Balaa lilianza na neno moja: wastani. Mezani walikuwa watano. Wa polepole kabisa alishona kola ishirini na mbili kwa saa, wa pili ishirini na nne, Mama Kola thelathini na mbili, jirani yake thelathini na nne. Mdogo wa Mama Kola, wa tumbo moja, mwenye mikono myepesi ajabu, thelathini na nane. Wastani ukawa thelathini. Msimamizi akaamua walio chini yake waondoke, eti meza nzima ibaki na watu wa juu ya wastani.

Wawili wakaenda zao wakilia. Hesabu ilipopigwa upya kwa watatu waliobaki, wastani ukaruka hadi karibu thelathini na tano, na amri ikabaki ileile: aliye chini aondoke.

"Mimi sikupunguza hata kola moja," anasema Mama Kola. "Nimelala niko juu, nimeamka niko chini. Sasa hapo kosa langu nini?"

"Wakaze buti tu," anasema msimamizi. "Kila mtu akitaka, anafika." Anasema kwa upole, na hilo ndilo linalovunja moyo: anaamini kabisa.

Kidole cha shahada cha Mama Kola kilichomwa na sindano zamani, na hakikunjiki vizuri. Anaujua mwisho wa kasi yake. Kazi hii ndiyo inayowalisha wanawe.

Juzi mdogo wake alimnong'oneza: "Dada, nipunguze mwendo, wastani ushuke?"

"Thubutu! Wakigundua, watutoe sote wawili?"

Ameomba ahamishiwe meza ya ukaguzi, ambako hatafutwi mtu wa haraka bali mwenye jicho. Hajajibiwa.

"Sitaki msimamizi aniambie naweza kama mdogo wangu. Siwezi, na nimekubali," anasema. "Mama yetu alijua tangu utotoni kwamba huyu mwepesi, mimi mzito. Lakini akipakua chakula, sahani zetu zilikuwa sawa."