Mnara Ulioondoka na Wakaguzi

Amekufa yule bwana wa masafa, na wiki iliyopita tumemzika kwao Bukundi, wilayani Meatu. Wasomaji wa safu hii mnanijua: mtu akifa huwa namtafutia neno jema, hata ikibidi nirudi naye mpaka utotoni. Huyu tulisoma naye shule ya msingi na kuchunga ng'ombe pamoja, na neno jema ninalo: alikuwa na akili. Akili hiyo ilimtoa Meatu ikampeleka Dar es Salaam, ikampa ofisi yenye zulia katika kampuni ya simu ambayo sitaitaja, na kazi yake huko ilikuwa kuhakikisha kampuni inashinda minada ya masafa. Kwa asiyejua, masafa ni zile njia za angani zinazopitisha sauti na picha za simu zetu. Ni mali ya nchi, serikali huyapiga mnada, na mshindi hupewa sharti la kufikisha mtandao hata kule ambako faida ni ndogo. Kwenye salamu za rambirambi wenzake wamemsifu kwa minada aliyoshinda. Mimi nakumbuka sharti.

Kampuni yake iliposhinda, Bukundi ilikuwa miongoni mwa kata zilizopaswa kupata mtandao. Ukaguzi wa serikali ulipokaribia alikuja mwenyewe na lori lenye mnara wa kukunjwa, akalisimamisha karibu na zahanati, mnara ukanyanyuliwa na simu zikaanza kuita. Watu walimchinjia dume, na sioni wangefanya nini kingine, maana mtoto wao alikuwa amerudi na kitu walichokililia miaka yote. Mama yangu mdogo, aliyenilea baada ya mama kufariki, aliuza mbuzi wake akanunua simu. Nikiwa hapa Bariadi, ninakofanya kazi, nikaisikia sauti yake bila kupanda basi. "Ng'wanawane, mwanangu, unanisikia?" aliuliza, nikamwambia namsikia, akauliza tena na tena, nikatambua kwamba jibu alishalipata na sasa anafurahia kuuliza tu. Wakaguzi wakaja, wakapiga simu zao, wakaridhika, wakaandika kwamba Bukundi ina mtandao. Walipoondoka mnara ukakunjwa na lori likafuata nyuma yao. Wapo waliolipungia mikono wakiamini linakwenda kutengenezwa.

Nilimkuta baadaye kwenye hoteli moja hapa Bariadi, akila samaki. Nilimuuliza lori litarudi lini. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Alinitazama kama mwalimu anavyomtazama mtoto mzito wa hesabu, akasema, "Sharti lilisema mtandao ufike. Ulifika. Halikusema ukae." Akaendelea kuchambua miiba. Nilitoka pale nimemwekea kinyongo, na sikukiacha kipoe, nilikilisha kila mwaka kama ng'ombe wa maziwa.

Maana madhara hayakuishia kwenye lori kuondoka. Kwa kuwa Bukundi ilikwisha kuandikwa kwamba ina mtandao, hakuna kampuni nyingine iliyolazimika kwenda. Viongozi wa kata walipoomba, walijibiwa kwamba huduma wanayo. Kwenye mnada wa ng'ombe, mtu akinunua dume tunamwona akiondoka nalo, na akiliacha limefungwa juani bila maji, watu watamwandama hadi aone aibu. Masafa hayana mbavu za kuonekana. Tajiri anaweza kuyanunua na kuyafungia, akijua kwamba wanaoumia wako mbali na hawana hata simu ya kulalamikia. Mama mdogo alipougua, simu yake ilikuwa imebaki tochi. Waliomuuguza waliniambia kwamba alijaribu kunipigia mpaka mkono ukachoka. Alipokata roho, binamu yangu alipanda baiskeli kuelekea mjini Mwanhuzi kutafuta mtandao, tairi likampasukia njiani, na habari iliponifikia watu walikuwa wamekwisha kurudi kutoka makaburini. Aliyenilea alizikwa na majirani, mimi nikiwa ofisini napiga soga.

Kwa hiyo simu ya mdogo wa marehemu iliponikuta nyumbani, akilia kutoka Dar, nilimsikiliza kwa utulivu ambao hata mimi ulinishangaza. Alisema kaka yao amefariki, mwili utasafirishwa, wanapiga simu Bukundi ili kaburi lichimbwe na wageni waandaliwe, lakini kila namba haipatikani. Aliniomba nitume bodaboda apeleke taarifa. Vijana wa bodaboda walikuwa wamejaa mbele ya geti langu.

"Endelea kupiga," nilimwambia. "Mtandao upo. Marehemu mwenyewe aliwaonyesha wakaguzi."

Akakata simu. Sikumtuma mtu. Mnaotaka kunihukumu hukumuni, ila msiseme nilipitiwa. Nilikumbuka vizuri, nikakaa, nikanywa chai.

Siku ya maziko nilifuata msafara wao kutoka Bariadi. Tulifika mchana jua likiwa kali, tukakuta nyumba ya kwao imefungwa na watu wote wako kwenye pamba. Hapakuwa na turubai, sufuria wala kaburi. Mabosi wa kampuni, wamevaa suti nyeusi, walizunguka uwanjani wameinua simu juu wakitafuta mtandao ili waahirishe ndege zao za kurudi, na mmoja alimuuliza dereva kama sehemu hii imo kwenye ramani. Imo, nilimwambia, tena kwenye ramani yenu imepakwa rangi ya wenye mtandao. Mjane alibaki ndani ya gari akilia peke yake, hana mwanamke wa kumshika, na hapo moyo wangu uligeuka kidogo, nikauambia utulie.

Mdogo wa marehemu aliona hakuna njia nyingine. Alivua koti, akapanda kichuguu, akapiga mwano, ule ukelele tunaoitana nao Usukumani ng'ombe wakiibwa. Boma la karibu likaitikia, la pili likapokea, mwano ukasafiri hadi ng'ambo ya mto, na muda si mrefu wanaume walikuwa wanafika mbio na pinde, mishale na fimbo. Wa kwanza, mzee mmoja anayehema, alikuja moja kwa moja kwangu kwa sababu ananijua.

"Mwizi kapita wapi, baba?"

Nilimwonyesha jeneza. "Hajapita. Yumo humo."

Alilitazama, akaitazama picha iliyowekwa juu yake, akamtambua. Nilimngojea acheke, au ageuze arudi shambani kwake, na ningeondoka naye. Aliweka upinde chini. Akasema, "Basi tuchimbe, maiti hailali nje," akawaagiza wenzake majembe, na wanawake wakaenda kumtoa mjane garini. Walichimba watu wale wale waliolipungia lori. Nilichimba nao, tena kwa nguvu kuliko wote, na anayetaka kuamini kwamba ilikuwa huruma aamini. Katekista alimaliza sala giza likiingia, na suti nyingi zilikuwa zimekwisha kuondoka.

Wao wamemsamehe, mimi bado, na sioni kwa nini nijifanye. Lakini nimejifunza kitu pale kaburini. Mtu anaweza kukaa ghorofani akadanganya mamlaka, akadanganya wakaguzi na akalala usingizi, kwa kuwa hao anawaona mara moja na hatakutana nao tena. Walio kwao hawezi kuwaepuka daima, maana ndio watakaombeba. Serikali itapiga mnada wa masafa tena, na wanunuzi watavaa tai na kuahidi vijiji ambavyo hawajawahi kuvikanyaga. Kabla nyundo haijagongwa, kila mmoja wao aulizwe atazikwa wapi, na wakaguzi waanzie huko.