Greda na Kona Nyeupe

Gazeti la leo limeniharibia chai. Kwenye ukurasa wa michezo, mwandishi mmoja amewapanga mabondia wa zamani wa uzito wa juu, na alipofika kwa kaka yangu akammaliza kwa mstari mmoja: "Greda: kipaji kikubwa, akili ya ulingo hakuna, hakuwahi kuvaa mkanda." Basi! Miaka kumi na sita ya ngumi, mstari mmoja. Damu imenichemka, nimeacha gauni la watu chini ya sindano ya cherehani na kuchukua kalamu.

Ngoja niwaambie mimi, mdogo wake, niliyemshikia ndoo na taulo katika mapambano yake yote thelathini na moja. Na sitatia chumvi.

Kaka alikuwa mpakizi kwenye kiwanda cha unga. Wenzake walibeba gunia moja kwa kuguna, yeye alibeba mawili huku akiwavunja mbavu kwa vichekesho, ndipo wakamwita Greda, kama ile mashine ya kusawazisha barabara. Kocha wetu, fundi wa kuchomelea vyuma aliyefundisha ngumi nyuma ya karakana yake, alimwona akishusha mizigo, akamvisha glavu siku hiyo hiyo. Baada ya dakika mbili kocha alikuwa ameketi sakafuni, hajui amefikaje.

"Mwanangu," akasema, "huo mkono wa kushoto umeutoa wapi?"

Kaka akautazama. "Ninao siku zote, mzee."

Jamani, ule mkono! Hukuuona ukija. Ulichoona ni mtu yuko chali anahesabu taa za darini. Na ile miguu, yenye kubeba kilo mia na kumi, ilicheza mpaka ukumbi mzima unasimama, watu wazima wasiojuana wanakumbatiana. Hata leo nikikumbuka, mwili wote unanisisimka.

Sasa kwa nini hakufika? Ukweli nitausema, hata kama ni damu yangu. Kwanza usingizi: kocha alizoea kuja alfajiri na kumvuta miguu kutoka kitandani. Lakini kilichotuua hasa ni huruma. Ulingo una kona nne. Nyekundu ya mmoja, bluu ya mwingine, na mbili nyeupe zisizo na mwenyewe. Ukimwangusha mtu, sheria inakutaka uende kona nyeupe, na mpaka ufike, mwamuzi haanzi kuhesabu. Kaka yangu alibaki pale pale, ameinama, anauliza, "Vipi ndugu yangu, umeumia?" Mwamuzi anamsukuma, haendi. Yule wa chini anajipumzikia kama yuko kwake, kisha anaamka na kushinda kwa pointi. Kaka alipoteza mapambano tisa, na saba kati ya hayo aliyapoteza kwa watu aliowalaza mwenyewe. Saba!

Nilimgombeza mpaka nikachoka. "Kaka, wewe ni bondia au nesi?"

"Sasa mdogo wangu, nimwache mtu chini bila kumjulia hali?"

Akafika miaka thelathini na sita, na hatimaye bingwa wa taifa akakubali kupigana naye. Ilikuwa nafasi yake ya mwisho, wote tulijua. Kocha akapata wazo. Katikati ya pambano kaka hasikii la mtu ila sauti yangu, kwa hiyo mimi ndiye nitakayempigia kelele. Miezi mitatu tulifanya zoezi moja kwenye karakana. Kocha anajiangusha kwenye godoro, mimi nimesimama kona nyeupe, napaza sauti, "Kona!" Kaka anakuja mbio kwangu, nampigia makofi. Alikuja kila mara, bila kuinama, bila kumuuliza mtu hali yake. Tulifurahi kama watoto.

Jumamosi alasiri, ukumbi umejaa hadi kwenye ngazi. Kaka hakuwahi kupigana vile! Raundi ya tatu bingwa anavuja damu puani. Raundi ya sita anakumbatia kamba. Raundi ya nane kaka akapinda goti, akaupeleka ule mkono, na bingwa akaenda chini kama gunia lililokatwa kamba.

"Kona!" nikapiga kelele. "Kaka, kona! Kona!"

Hakuinama. Hakuuliza kitu. Aligeuka akaja mbio, uso unang'aa, moja kwa moja mpaka nilipokuwa.

Nami nilikuwa kona nyekundu, kona yetu, na ndoo yangu.

Mwamuzi akampungia mkono: siyo huko! Kaka ananitazama, anasubiri makofi. Nikamwonyesha kidole kona nyeupe, nikaonyesha tena, hata alipoelewa na kuvuka ulingo, ndipo mwamuzi akasema, "Moja." Bingwa alisimama kwenye nane. Tulishindwa kwa pointi moja.

Kwenye chumba cha kubadilishia nguo waandishi wakamzunguka: imekuwaje, bondia mkubwa kukosea kona? Nikafungua mdomo. Kaka akanikanyaga mguu. "Nilisahau," akawaambia. "Kichwa changu kizito." Jumatatu akarudi kwenye magunia.

Nilipofika hapa nimeweka kalamu chini, nikampelekea gazeti kiwandani, ambako sasa ni msimamizi wa ghala. Amesoma ule mstari, amecheka.

"Si kweli? Mkanda niliuvaa wapi?"

"Kaka, siku ile kwa nini hukuwaambia ni mimi?"

"Niwaambie nini? Uliniita, nikaja."

Nimelia mbele ya wapakizi wake wote, wala sioni haya. Miaka kumi na miwili kocha hajamwelewa, watu wanamcheka barabarani, naye hakunitaja hata kwa mkewe.

Kwa hiyo wewe mwandishi, rekebisha. Mkanda hakuvaa, hilo liache. Lakini usiandike kwamba hakuwa na akili ya ulingo. Alifanya alichofundishwa, tena kwa mbio, na aliyemfundisha vibaya ni mimi.