Mjumbe wa Nyumba Kumi, Vickery Meadow

Mzee Gelasius hakuamini idadi ya watu ambayo hakuihesabu mwenyewe. Ukimwambia harusi ilijaa, anakuuliza viti vilikuwa vingapi. Kwao Muleba alikuwa mjumbe wa nyumba kumi kwa miaka kumi na mitatu, akijua nani kazaa, nani kahama, nani kalaza mgeni bila kusema. Alipohamia Vickery Meadow hapa Dallas, kwenye maghorofa yale ya kupanga ambako Mkongo analala juu ya Mburma na Mburma juu ya Msomali, uraia wa huku alishaupata na kazi yake ilikuwa kuendesha basi la maegesho ya uwanja wa ndege. Lakini ujumbe haukumtoka. Tulimwita Mjumbe, wengine kwa heshima, mimi kwa kumchokoza, maana Mhaya ukimpa cheo cha utani anakivaa kama suti.

Mwezi wa nane mwaka 2018 alikuja kwangu na habari za Matumaini. Matumaini ni Mkongo, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Alifika kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu na watoto watatu. Mumewe na watoto wawili wakubwa walibaki kambini kwa sababu faili lao liliandikwa peke yake. Aliambiwa watafuata baada ya miezi michache, na huo ulikuwa mwaka wa tatu. Tangu mwaka uliotangulia faili halikusogea hata unywele. Akitoka kiwandani alikokuwa anafungasha nyama ya kuku, alifungua sanduku la barua kabla ya kufungua mlango, na mkono ulitoka mtupu.

"Mama Queen," Mzee Gelasius akaniambia, "mbunge wa hapa anaweza kuuliza faili hilo limelala wapi. Yeye akiuliza anajibiwa."

"Na wewe unamjua mbunge gani?"

"Simjui. Lakini uchaguzi ni mwezi wa kumi na moja. Anayeomba kura huja mlangoni."

"Mlango upi? Mimi nina miaka sita hapa. Aliyenigongea ni kijana wa piza, na alikosea nyumba."

Hakucheka. Jumamosi ikamkuta kwenye ofisi ya kampeni ya yule aliyetaka kumng'oa mbunge aliyekuwepo. Nilimsindikiza kwa sababu nilikuwa na mapumziko, na kwa sababu nilitaka kuona atakavyokataliwa.

Alitupokea binti Mkenya, Jackie, mwanafunzi wa chuo, aliyekuwa anawachorea ramani za kura. Ukutani palitundikwa jimbo zima la uchaguzi, limekatwa vipande, kila kituo na kipande chake. Penye wapiga kura wengi pamekolea rangi, penye wachache pamepauka. Kwetu palikuwa peupe kabisa, ungedhani ni maegesho ya magari.

"Mzee, si ati hatuwapendi," Jackie akasema. "Ni numbers tu. Uchaguzi kama huu miaka nne iliyopita, kwa hizo apartment zenu zote walivote watu thelathini na moja. Hapa ng'ambo ya barabara, mia nane. Sasa candidate amebaki na Saturday ngapi? Ata-spend wapi?"

"Hao thelathini na mmoja nani aliwahesabu?"

"County. Hiyo ni official."

"Na wasiopiga, nani aliwahesabu?"

Jackie akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Hiyo hatuna."

"Nikikuletea wapiga kura mia mbili, mlango kwa mlango, atakuja tuzungumze naye?"

"Ukileta mia mbili, mzee wangu, nitamleta na gari yangu mwenyewe."

Wiki tatu mzee wa watu hakupumzika. Alikunjua karatasi la kaki refu kama kitanda, akachora kila jengo, kila ngazi, kila mlango, kisha akaigawa milango kumi kumi na kuipa kila kumi kalamu yake ya rangi. Akitoka kwenye basi anavaa koti, anaanza kubisha hodi. Kwa Wakongo na Warundi alitumia Kiswahili, kwa wengine vidole na watoto wao. Swali lake lilikuwa lile lile la Muleba: "Humu ndani mko watu wazima wangapi?" Akaandika idadi na majina. Kwao mjumbe haulizi karatasi. Unayelala hapo ni mtu wa hapo, basi.

Na watu walimjibu! Mimi nilishangaa, maana wenzetu wale mtu mwenye daftari wanamwogopa. Walimjibu haraka, kwa sauti, wengine walimfuata mpaka chini kwenye ngazi kuhakikisha kaandika. Jumla ikafika mia mbili na kumi na nne. Jackie alipoiona alipiga makofi, akapanga mgombea aje Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa tisa, pale kwetu penye meza za nje karibu na bwawa la kuogelea lisilo na maji. Habari ikaenea majengo yote. Matumaini akaja kwangu nimfundishe sentensi moja ya Kiingereza ya kumwambia mgombea kuhusu mumewe. Alikuwa anaisema akiosha vyombo, namsikia ukutani: *Please, sir, ask for my husband.* Bintiye mdogo anamsahihisha: "Mom, not *ax*. *Ask*."

Siku sita kabla ya mkutano nilimpelekea Mzee Gelasius ndizi za nyama, ana kisukari na akiachwa peke yake anakula mkate mtupu. Karatasi lake lilikuwa mezani. Nikaanza kutafuta mlango wangu, mtu hujitafuta kwanza. Nikaukuta: mmoja, sawa. Jicho likahamia mlango wa jirani. Saba.

"Mjumbe, umeandika saba kwa Matumaini?"

"Ndivyo alivyosema."

"Watu wazima saba? Mle yupo yeye na watoto watatu, mkubwa ana miaka kumi na mmoja. Huyo naye atapiga kura?"

Akavua miwani. Akaivaa tena. Akaanza kupitisha kidole milango mingine niliyoijua, na kila alipogusa nikasema: huyu yuko peke yake, hawa ni wawili, hawa walihama mwezi wa sita. Hakumaliza safu.

Tukaenda kwa Matumaini. Mimi nilikwenda na hasira zangu, nakiri. Nilimwambia kabla hajatukaribisha kiti, "Mwenzangu, kwa nini umemdanganya mzee?"

"Sikudanganya, Mama Queen." Alishangaa kweli. "Tuko saba. Miye, batoto tatu hapa. Samson bwana yangu na bale babili kule."

"Lakini wale hawapo!"

"Kambini, ukisema tuko ine, bale tatu wanakatwa kwa karatasi. Posho yao inaisha, jina linaisha. Kurudisha jina ni mwaka muzima. Papa Gelasius alipokuja na karatasi kubwa, nilisema, afazali waandikwe wote." Akatugeukia mmoja mmoja. "Kila muntu amesema hivyo. Hata Mama Pelagia wa juu amehesabu bwana yake, na bwana yake alikufa, lakini ndugu ya bwana bado yuko kule kwa karatasi ile ile."

Hasira zangu sikujua niziweke wapi. Mzee Gelasius akauliza polepole, kama aliyeogopa jibu, "Na wewe, mama, uraia umeshaapa?"

"Bado. Mwaka ujao naomba."

"Kwa hiyo hata wewe mwenyewe hupigi."

"Hakuna aliniuliza ile."

Mzee akakaa. Kweli hakuuliza. Hakumwuliza mtu yeyote.

Matumaini alielewa upesi kuliko sisi. "Papa, kama unabadilisha, yule mukubwa hatakuja?"

"Hatakuja."

"Basi usibadilishe. Akuje tu. Akishafika nitasema neno langu, kisha afute."

Na mimi, bila aibu, nikamuunga mkono. "Mjumbe, ni karatasi la kaki tu hilo! Wanasiasa wao wanatudanganya kila siku, sisi tukidanganya Jumamosi moja itakuwaje?"

"Itakuwa hivi," akasema. "Yule binti atalinganisha majina na orodha ya serikali. Atakuta majina ya watu ambao hawana ruhusa ya kupiga kura, nimewaandika mimi kwamba ni wapiga kura. Siku Matumaini anaomba uraia, mtu atamwuliza: kwa nini jina lako liko hapa? Utamjibu wewe, Mama Queen?"



Jioni tatu zilizofuata alirudi milango yote. Safari hii nilikwenda naye, na swali lilikuwa lingine: nani humu ameapa uraia, na ana kadi ya kupigia kura? Hao ndio walibaki kwenye karatasi la pili. Thelathini na wanane. Matumaini alimwona akipita, akamsalimu, akafunga mlango taratibu. Ile sentensi sikuisikia tena ukutani.

Alhamisi tulimpelekea Jackie makaratasi yote mawili. Alisoma, akainamisha kichwa mpaka mezani.

"Mzee. Mzee wangu. Nishawaambia watu. Nishaprint flyers."

"Najua, binti yangu. Nimekosea swali."

"Sasa wataipeleka Saturday ng'ambo, unajua? Siwezi kubishana na thirty-eight."

"Wapeleke."

Alikuwa na hasira ya kijana aliyejitokeza mbele ya wakubwa wake kwa neno la mtu. Lakini akauliza, "Kwani kwa nini walikuambia watu wengi hivyo?" Mzee akamweleza habari ya Matumaini, ya Samson, ya posho na majina yanayokatwa. Jackie alisikiliza huku anachora visanduku kwenye bahasha. Kisha akasema, "Wait. Hii yote ilikuwa ya faili ya bwana wa huyo mama?"

"Ndiyo."

"Lakini kwa hiyo hauhitaji candidate! Candidate hana office, hana nguvu ya kuuliza mtu. Unahitaji mbunge mwenye kiti sasa hivi. Office yake inasaidia mtu yeyote anakaa kwa district. Avote, asivote, awe citizen, asiwe."

"Huyo mnayetaka kumtoa?" nikauliza.

"Huyo huyo." Akacheka kwa shida. "Msiambie boss wangu nimewatuma."

Akatuchapia fomu, akatuonyesha ukutani mpaka wa jimbo unapopita: majengo yetu yote yalikuwa ndani. Tulipokuwa tunaondoka alimwomba mzee amwachie lile karatasi la kwanza, la mia mbili na kumi na nne, ajaze pale petu peupe ukutani. Mzee alikataa, lina majina ya watu. Akamruhusu achore vyumba tu, bila majina.

Jumatatu Matumaini aliomba ruhusa kazini, tukaenda watatu kwa treni. Ofisini kwa mbunge alikaa mama wa Kizungu wa makamo, miwani imening'inia kifuani. Akauliza nani katuelekeza. Kabla sijamkanyaga mguu, Mzee Gelasius akasema ukweli wake: "Watu wanaotaka kumwondoa mkubwa wako, mama."

Yule mama akacheka mpaka akashika meza. Kisha akavaa miwani na kuuliza anwani. Matumaini akamwambia kwa Kiingereza chake kwamba yeye si raia, hapigi kura.

"Hilo sikukuuliza," yule mama akasema. "Nimeuliza unakaa wapi."

Matumaini akataja jengo na namba ya mlango. Akaandika majina ya mume na watoto wawili, herufi kubwa, akatia sahihi kuruhusu faili liulizwe. Dakika ishirini, tumemaliza.

Uchaguzi ukafika, ukapita. Mzee Gelasius aliwatembelea wote thelathini na wanane asubuhi ile, na wengine aliwapeleka kituoni kwa gari lake mara tano. Matokeo ya kituo chetu yalipobandikwa tulikuwa hamsini na watatu, kwa hiyo kumi na tano aliwakosa kwenye hesabu, na jambo hilo lilimkera wiki nzima. Mbunge yule akapoteza kiti. Nikajisemea basi, faili la Matumaini limekwenda kwenye pipa pamoja na kalenda za ofisi yake.

Barua ilikuja kabla ya Krismasi. Imesainiwa na yule mama wa miwani, huenda akiwa amezungukwa na maboksi ya kuhama. Matumaini hakuifungua. Aligonga ukuta wangu mpaka nikatoka, nikamwita mzee, akaisoma kwa sauti. Faili halikupotea. Lilisimama kwa sababu vipimo vya hospitali vya Samson na watoto vilikwisha muda, na hakuna aliyewaambia wapimwe upya. Wapimwe, majibu yatumwe kwa namba hii, mambo yaendelee.

"Ni hiyo tu?" Matumaini akauliza.

"Ni hiyo tu, mama."

Alipiga simu pale pale, amesimama jikoni, barua mkononi. Samson alipokea sauti ikikatika katika. Alimweleza mara mbili, namba akaitaja moja moja, akamwamuru airudie.

"Kupimwa?" tulimsikia Samson akisema. "Miaka hii yote, ilikuwa kupimwa?"

"Uende kesho. Beba batoto wote wawili, wasile kitu asubuhi."

"Na kama wananirudisha?"

"Wakikurudisha, kaa pale pale mlangoni," Matumaini akasema. "Usitoke mpaka waandike majina yenu."