Kasha la Mzee wa Dansi

Jumapili iliyopita, baada ya misa, mnada wa ndizi na kuku ukiwa umechangamka nje ya kanisa, jirani yangu alinivuta shati. "Eti lile kasha la nyimbo ulilonunua, linafaa au umepigwa?"

Nikamwambia linafaa.

"Lote?"

Nikasema hapana, si lote.

"Sasa mtu mzima ananunuaje kitu ambacho nusu yake haifai?"

Nikamjibu kwamba mke wake alimchukua hivyo hivyo na hajamrudisha. Akacheka, akapandisha dau kwenye jogoo mwekundu, na swali lake likabaki mikononi mwangu. Nalijibu hapa, maana pale nje ya kanisa lisingekwisha.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Watu wanavuka bahari kuja kuupanda mlima huu. Mimi nimezaliwa mgongoni mwake, hapa Uru, na nikipanda darini kushusha ndizi zilizoiva napumzika katikati ya ngazi. Moshi mjini nashuka nikiwa na sababu mbili. Nikiwa na moja, naisubiri ya pili. Nilimaliza kidato cha nne, nikaajiriwa na migomba ya marehemu baba yangu, na mpaka leo haijanifukuza.

Naishi na mama. Wageni hudhani mama anaishi na mimi. Wanaotufahamu hawakosei hivyo. Amevuka miaka themanini, macho yamefifia, lakini masikio yake humsikia kuku wa jirani akiwa bado anawaza kuvuka mpaka. Ndiye aliyeisikia redio asubuhi moja ikitangaza kwamba yule mtunzi mkongwe wa muziki wa dansi, mtoto wa huku huku milimani, ametoa kasha lenye nyimbo zake zote, tangu alipoanza hadi uzeeni.

"Zake zote?" mama akaiuliza redio. Redio ikaendelea na mambo ya mbolea. Akanigeukia. "Na ule wa baba yako utakuwemo."

Hilo halikuwa swali. Nikajifanya natafuta kiatu.

Baba, kabla sijazaliwa, alikuwa karani wa ushirika wa kahawa siku tano na mwimbaji siku mbili. Mtunzi huyo, wakati ule kijana mwenye gitaa la kuazima, alimpa nafasi ya kuitikia katika wimbo mmoja. Mmoja tu. Baadaye babu aliamua kwamba mwanawe hawezi kuimba baa Jumamosi na kupokea komunyo Jumapili, na muziki wa baba ukaishia hapo. Lakini wimbo ulikuwa umekwisha kurekodiwa, redio ikaupiga, na baba akaunasa kwenye kaseti. Unahusu mtu aliyeshuka kufanya kazi kwenye mashamba ya miwa kule bondeni. Rafiki yake anapanda kwenda nyumbani na anamuuliza: nikifika kwa mkeo, nimwambie nini? Hapo baba anajibu, kwa sauti nyembamba ya juu, yeye akiwa ndiye huyo mume.

Baba alifariki nikiwa na miaka kumi na miwili. Tulimzika kihambani, shamba letu la ukoo nyuma ya nyumba, kati ya migomba yake, kama ilivyo desturi. Kaseti mama aliiweka ndani ya kopo la mafuta ya kupikia, juu ya kabati.

Sasa ndipo ninapoingia mimi. Nilipofika kidato cha tatu niliamua kwamba nitakuwa mtangazaji wa redio. Kilichokosekana kilikuwa kaseti. Baba alikuwa amevivunja vile vijimeno viwili vya juu ili mtu asirekodi juu ya wimbo wake, lakini watoto wa zama zile tuliijua dawa: unatafuna karatasi, unaziba matundu. Mama alipokwenda sokoni nilitafuna ukurasa wa daftari la jiografia, nikabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, na kwa nusu saa nikaitangazia dunia habari za kihamba chetu. Bei ya maharage. Matokeo ya mechi ambayo sikuitazama. Salamu kwa msichana mmoja wa kidato cha pili, ambaye hadi leo hajazipata. Sauti yangu ilikuwa ndiyo inavunjika, inapanda na kushuka kama mbuzi kwenye korongo. Niliamini nimegeuza upande mtupu. Upande mtupu ulikuwa ule mwingine.

Siku ya kumbukumbu ya baba, mbele ya mashangazi na wajomba, mama aliishusha kaseti akaiweka kwenye redio. Badala ya gitaa nikatoka mimi: "Hii ni Sauti ya Uru, ikikutangazieni kutoka Uru."

Hakuna aliyecheka. Mama alizima redio, akasema, "Chakula kinapoa," na tukala. Tangu siku ile halikutamkwa neno, si lake, si langu.

Huku kwetu jambo kama hilo lina njia yake. Unachuma jani la isale, unalipiga fundo, unampelekea uliyemkosea. Akishaliona, hana ruhusa ya kukataa kusamehe. Isale imejaa kwenye mpaka wa kihamba chetu, hatua thelathini kutoka jikoni. Hatua hizo sikuzitembea. Nilijiambia kwamba msamaha wa kulazimishwa na jani si msamaha. Lakini pia ni mimi huyu ninayepumzika katikati ya ngazi.

Miaka hii ya karibuni jambo moja lilinikumbusha kila siku. Mama akichambua maharage huuimba wimbo ule. Anaimba ubeti wa kwanza, anafika kwenye jibu la baba, kisha ananyamaza na kuitazama migomba. Kila mara pale pale. Nilijua ni majonzi, na nilijua nani aliyeyasababisha, kwa hiyo nilikuwa naondoka taratibu nikiwa na ndoo mkononi, hata kama hapakuwa na wa kunyweshwa.

Mpwa wangu aliyeko Dar aliwahi kuutafuta kwenye simu. Nyimbo za mzee yule zimejaa humo, hata zile ambazo nadhani yeye mwenyewe angeomba zisahaulike. Huo haumo. Kwa hiyo kasha lile lilikuwa ndilo tumaini la mwisho la mama kumsikia tena mumewe, na nafasi yangu ya mwisho ya kulipa bila kuomba radhi. Nikashuka Moshi nikiwa na sababu moja tu. Jirani aliponiona barabarani aliuliza nani amekufa.

Kasha lilikuwa kwenye kibanda cha fundi redio jirani na soko. Fundi ni mtu wa rika langu, mzaliwa wa mkoa mwingine. "Karibu, Mangi," akasema, jina wanalotupa sisi Wachaga wote, hata tusiotawala kitu. Ndani ya kasha mlikuwa na diski nne, flashi moja kwa sisi tusio na pa kuwekea diski, na kijitabu cha picha: mzee na gitaa lake, nywele zikizidi kuwa nyeupe kila unapofunua ukurasa. Bei yake ilitosha kununua mbuzi mwenye afya. Orodha ilikuwa nyuma. Wimbo wetu ulikuwa wa tatu, diski ya kwanza. Nikamwomba fundi anionjeshe.

Kwa kuwa nimeulizwa, niseme. Diski ya pili ni dhahabu. Unasikia gitaa linaongea na gitaa jingine, na mtu nyuma akikohoa kama yuko sebuleni kwako. Ya tatu ni ya miaka ambayo bendi ilinunua kinanda, na ni wazi kila mtu alitakiwa akione. Ya nne mzee anaimba peke yake, sauti imechoka, anameza maneno ya mwisho, na nilijikuta nimevua kofia bila kuambiwa. Hizo nilizionja kwanza. Nilikuwa naiahirisha ya kwanza.

Wimbo wa tatu ulipoanza nilisikia kinanda, ambacho kwenye kaseti hakikuwepo. Nikajipa moyo. Swali likaja: nikifika kwa mkeo, nimwambie nini? Na aliyejibu alikuwa kijana wa leo, sauti safi, tamu, imenyooka kama maji ya bomba.

"Zima," nikasema.

"Mbona mapema? Ndiyo kwanza unanoga."

"Huu siyo wenyewe."

"Ndiyo wenyewe, Mangi. Soma hapa." Kijitabu kilieleza kwamba nyimbo za mwanzo zimeimbwa upya kwa sababu kanda za zamani ziliharibika. "Kanda zinaharibika bwana," fundi akanifariji. "Unyevu, joto, panya."

"Na watoto."

Hakunielewa. "Sasa unanunua, au umekuja kuburudika?"

"Nitafikiria."

Fundi akalirudisha kasha rafuni na kulipangusa alama za vidole vyangu.

Njiani kupanda nilitunga uongo wa aina tatu. Yameisha. Redio ilikosea. Duka limefungwa. Wote ulikuwa mzuri, nilikuwa na uzoefu. Nilikuwa nimekaa na mmoja tangu kidato cha tatu. Nilipofika nyumbani miguu haikuelekea jikoni. Ilikwenda mpakani. Nikachuma jani la isale, nikalipiga fundo likafunguka, nikalipiga tena.

Mama alikuwa kwenye kigoda chake karibu na mafiga, ungo wa maharage mapajani. Nikamwekea jani kiganjani. Alilipapasa tangu ncha hadi kwenye fundo.

"Isale."

"Ndiyo, mama."

"Umetumwa na nani?"

"Sijatumwa. Ni langu. Ni la ile kaseti."

Alichambua kwanza kiganja kizima cha maharage. "Nilidhani utakuja kuniwekea juu ya kaburi," akasema.

Nikachuchumaa karibu na mafiga.

"Nilikuwa na hasira na wewe mwaka mzima. Halafu nikachoka. Hasira inataka mtu mwenye nafasi, na mimi nilikuwa na kahawa ya kuchuma."

"Mbona hukuniambia chochote?"

"Isale haiombwi, mwanangu. Inaletwa." Akalilaza jani kwenye paja, akalinyoosha kama kitambaa. "Haya. Nimelipokea. Kasha liko wapi?"

Nikamweleza yote. Kwamba sauti ya baba haimo, kwamba kuna kijana, kwamba sikuona faida ya kumletea kitu cha kumuumiza.

"Maneno yamo?"

"Maneno gani?"

"Ya wimbo. Ubeti wa pili ameuimba, huyo kijana?"

"Sikufika huko. Nilimwambia fundi azime."

Mama alinigeuzia yale macho yake yasiyoona vizuri, na nikajihisi naonekana kuliko siku zote. "Wewe," akasema, "ndiye mtu pekee ninayemfahamu aliyeweza kuuharibu wimbo mmoja mara mbili."

Kisha akaligusa sikio lake, kama mtu anayehakikisha hereni ipo. "Sauti ya baba yako ninayo. Hiyo hukuifuta wewe. Kilichonipotea ni maneno. Naimba wa kwanza, namsikia anajibu. Nikifika wa pili ni giza. Mwaka wa tatu huu. Yeye yuko pale anangoja aulizwe, na mimi swali sina."

"Mimi nilidhani unanyamaza kwa uchungu."

"Uchungu gani unaokuja kwenye mstari ule ule kila siku? Uchungu hauna ratiba." Akaendelea kuchambua. "Wiki iliyopita nilitafuta jina la dada yangu asubuhi nzima. Sijui kesho kitaondoka kipi. Nilitaka ubeti huo uwahi kurudi."

Nikasema nitachuma isale nyingine.

"Kwa kosa la leo usiniletee jani. Kesho shuka mjini."

Nikashuka. Mara mbili wiki moja. Jirani sasa aliuliza kama nimepata mchumba. Fundi aliponiona alilitoa tu kasha na kulipangusa tena.

Mchana wake nilichomeka flashi kwenye sabufa ya sebuleni na kumsogezea mama kiti. Kinanda kikaanza. "Nani huyo anayegonga sufuria?" akauliza. Ubeti wa kwanza ukapita. Kisha mwimbaji akauliza tena, polepole zaidi: na ukichelewa, nimwambie nini? Yule kijana akajibu: mwambie asiuzime moto, aufukie na majivu, nitaufukua mwenyewe.

Mama aliinua mkono. "Rudisha."

Nikarudisha. Safari ya pili alikuwa anatamka swali pamoja na mwimbaji, midomo tu. Safari ya tatu alilitoa kwa sauti, na hakukosea.

"Sasa rudisha tena," akasema. "Na huyo kijana akitaka kujibu, punguza sauti."

"Kiasi gani?"

"Yote."

Nikakaa sakafuni karibu na sabufa, kidole kwenye kile kitufe cha kuzungusha, nikiogopa kukosea kuliko nilivyowahi kuogopa mtihani wowote. Ubeti wa pili ukafika. Mama akauliza: na ukichelewa, nimwambie nini? Nikazungusha mpaka mwisho. Nyumba ikanyamaza kwa urefu wa mistari miwili. Kichwa cha mama kilikuwa kikienda taratibu, kikifuata kitu ambacho mimi sikukisikia.

"Haya," akasema. "Ongeza."