Kingi ya Mkwe Hezron

Mwanangu Lugano kanisumbua niandike habari za marehemu baba yake, zisomwe kwenye kikao cha ukoo. Mimi kalamu naishika kama jembe. Yeye mwenyewe angeandika, ila ataandika kwamba baba mkwe wake Hezron ni mtu mwema, na hilo sijalikubali mpaka leo. Basi naandika mimi, na Elina mkewe atasoma.

Mume wangu Jotham wa Kinyala alikuwa mtu wa kunyamaza. Alichuma chai, alicheza drafti, basi. Mwaka aliopunguzwa kazi, mitumba ilijaa soko la Tukuyu, na Mudathiri mwenye duka la nguo akaweka shindano la drafti la wazee barazani kwake. Zawadi, cherehani. Niliitaka mimi kuliko Jotham. Suruali za mitumba zote pana. Ningekaa sokoni nazipunguza, tungekula.

Fainali akakutana na Hezron, baba yake Elina. Jotham akamla kete mpaka Hezron akabaki na kingi moja, ile kete iendayo mbele na nyuma, pembeni kabisa. Jotham anazo tatu, na zamu ni yake.

"Mkwe, hiyo kingi yako inatafuta pa kulala," Jotham akamwambia. Watu wakacheka.

Hapo akatokea Elina na chupa ya chai ya baba yake. Kwetu mkamwana na baba mkwe hawaonani. Jotham akageukia ukuta. Nami nikakunjua kitenge, nikakisimamisha kati yao mpaka Elina apite, na watu wakasogea kumpisha. Nilifanya sawasawa. Ila Elina siku zote hupita nyuma ya duka.

Kushusha kitenge, kingi ya Hezron imekaa kwenye mstari mrefu, ule wa kona kwa kona. Ikikaa pale, tatu haziikamati.

"Sare, mkwe," Hezron akasema, huku anamimina chai.

Jotham akaitazama bodi. Akamtazama Hezron. "Sare."

Mudathiri akasema sare haina mshindi, cherehani akairudisha ndani.

Njiani nikamwuliza: "Baba Lugano, ile kingi ilikuwa wapi?"

"Ilikuwa pale pale, mama. Mkwe ni mkwe." Hakunitazama. Amekufa hajanitazama kwa hilo.

Sasa Elina, umefika hapa. Shusha karatasi, uwaambie watu wote wakusikie: siku ile nani alikutuma upite mbele?