Kiwavi wa Mchongoma Hali Alizeti

Siku ya kwanza kazini, kwenye kituo cha kilimo cha Ikungi, nilipewa bomba la mgongoni la kupulizia dawa, buti za mpira zisizolingana, na mkebe mtupu wa maziwa ya unga. Nikauliza mkebe ni wa nini. Fundi Mkuu wa Dawa, mzee aliyenipokea, akasema: "Mdudu usiyemjua usimpulizie. Mtie humo na majani. Akiyala, ndiyo chakula chake. Akiyakataa, basi ulimsingizia."

Niliishia darasa la saba, vijana, na sina hakika kama ninastahili kuandika. Ila nina hasira, na kuimeza kumenichosha.

Mkebe ule ndio ulionijulisha kipepeo-chui. Jina hilo ni letu la kazini, la kitabuni silijui. Ana rangi ya chungwa lililoiva na madoa meusi, na hata akinyonya ua hatulii, mbawa zinapigapiga tu. Jike hutaga kwenye majani machanga ya mchongoma, yale mekundumekundu ya nchani. Kiwavi wake ana miba mwili mzima, lakini haichomi. Akishashiba hujining'iniza chini ya jani akawa bundo, yaani kile kifuko ambamo hugeuka kipepeo. Nilimpa kiwavi jani la alizeti, siku mbili hakuligusa. Nikamrudishia mchongoma, akala mpaka kikonyo. Nilirudia mara nyingi, maana sijiamini.

Nikahamishiwa Iguguno, chini ya Mkuu wa Kituo aliyesoma kuliko sisi sote. Mwaka huo vichwa vya alizeti vilitobolewa. Tukafika kwa Mama Yunisi, mjane ambaye shamba lake lilipakana na njia ya ng'ombe waendao kunywa maji. Kilichowazuia ni ua wa mchongoma tu. Mkuu akapindua jani la alizeti lililoegemea ule ua, akakuta mabundo.

"Adui huyu hapa! Anazaliwa uani, anahamia shambani. Kateni ua."

"Mkuu," nikasema, "bundo halitafuni. Alikula mchongoma, hapo amekuja kulala tu. Tupasue kichwa, nadhani kuna funza wa vitumba, yule anayetobolea ndani."

"Darasa la saba unanifundisha wadudu?"

"Profesa wa mkebe!" akadakia mwenzetu mmoja, wakacheka.

Mama Yunisi hakucheka. "Baba, ua huu alinipandia mama mkwe. Ukiukata, ng'ombe utawazuia kwa hiyo suruali yako?"

Mkuu akanigeukia, safari hii kwa upole. "Una uhakika? Ukikosea, wadudu wakaenea kijiji kizima, utajibu wewe?"

Mkebe mzima wa ushahidi, halafu nikasema, "Labda."

Tukakata. Tukachoma. Mimi mwenyewe nilishika panga. Alizeti zikiwa karibu kuvunwa, ng'ombe wakaingia. Wachungaji siwalaumu, niliwaona wakikimbia na fimbo mpaka wakaishiwa pumzi. Mama Yunisi hakuvuna kitu.

Nitende haki: Mkuu hakuwa mtu mbaya. Mke wangu aliposhindwa kujifungua, ni yeye aliyempakia kwenye pikipiki yake hadi Kiomboi, mvua ikinyesha. Bila yeye nisingekuwa na mwanangu. Lakini wiki moja baada ya kukata ua alipasua kichwa cha alizeti kwa mkono wake, akamwona funza amejikunja ndani, akakitupa. "Yaliyopita yamepita," akasema. Hakurudi kwa yule mama hata kumwambia pole. Hapo ndipo damu inaponichemka hadi leo. Kukosea tunakosea wote. Yeye alijua, akanyamaza! Nami nikanyamaza naye mpaka nikastaafu, wakanisifu mbele za watu kuwa mtumishi mtiifu. Nilitamani kuirudisha ile sifa pamoja na buti.

Sasa naishi Kinampanda. Mwaka huu nimeotesha mbegu za mchongoma, na miche ilipofika kimo cha kiganja nikaibeba, nikapanda basi hadi Iguguno. Mama Yunisi amezeeka, mgongo umepinda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ni yule wa labda."

Nikamwambia yote: bundo, funza, kichwa kilichopasuliwa. Alisikiliza huku akiitazama miche yangu.

"Minane," akasema. "Mlikata mingapi?"

Sikujua. Nilishika panga asubuhi nzima, wala sikuhesabu.

Akaniletea jembe. "Anzia kule njia ya ng'ombe. Ukimaliza hiyo, kaoteshe mingine."